Bomba la Bwana Pyo

Ga-yun shoga, nimechoka mpaka kope.

Unamkumbuka Pyo, yule mfungwa aliyeniambia kwenye utafiti wangu wa chuo kuwa marehemu mama yake humwimbia ndani ya bomba la maji? Nilimwapia ni siri, askari kasimama mlangoni.

Kahamishiwa gereza jingine, dawa zake za akili zimebaki kule alikotoka. Leo nimemfuata kwa basi kutoka Daegu. Daktari wa huku kagoma hata kunisikiliza. "Faili halijaja. Ni siri ya mgonjwa."

Siri!

Natokea koridoni, nakuta askari wanamcheka: "We Pyo, mama kaimba nini leo?"

Mama kaimba nini leo! Askari wameshaambizana, gereza kwa gereza. Daktari ndiye hajui.

Pyo wala hakunikasirikia. Kaniambia tu, "Basi Mwalimu, waombe hawa wamwambie daktari."