Mrija wa Kifuani

Jumatatu, 3 Machi
Wifi yangu ametua na masanduku mawili na maarifa yote ya dunia. Amekuja "kusaidia". Hata viatu hajavua, keshanieleza kwamba mtu hashibi kwa mshipa. Nikijikaza nitakula kama wenzangu. Nijikaze kwa utumbo upi? Ulijisokota, ukaoza, daktari akaukata. Kilichobaki hakitoshi hata kufungia mzigo. Chakula changu ni mfuko mweupe kama maziwa, unaoingia kwa mrija wa kifuani, kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku. Yeye anaona ni deko.

Jumatano, 5 Machi
Wifi kauonea huruma mfuko uliotoka kwenye friji, akautumbukiza kwenye beseni la maji ya moto! Nimekuta mafuta yameelea juu, njano. Mfuko wa kutupa huo. Ati si nitikise tu? Nikamwambia mafuta yaliyojitenga yakiingia kwenye damu yanaweza kuziba mapafu. Akanitazama kama mtoto anayesingizia tumbo ili asiende shule.

Mume wangu kaenda kuutupa mfuko, basi. Dada huyu ndiye aliyemlea, basi mbele yake ndevu zote zile hazina kazi.

Ijumaa, 7 Machi
Mume ananawa kama anayekwenda kupasua moyo. Anahesabu hadi sitini, kwa sauti. Anafuta meza, anaifuta tena. Glavu. Anasugua mdomo wa mrija kwa spiriti, anasubiri ukauke. Mimi nimelala pale kama gari gereji. Miezi minane hivyo hivyo, hajaruka hatua. Muuguzi anamsifu kwamba mrija haujaingiwa na vijidudu hata mara moja. Sifa gani? Kasuku naye angefundishika.

Jumatatu, 10 Machi
Mume kachelewa kazini. Wifi alikuwa sebuleni na majirani wawili, akiwaambia kwamba bila mdogo wake mimi ni wa kuzikwa. Nikasikia kila neno.

Nikaingia chumbani, nikajiunganisha na mfuko mwenyewe. Dakika tatu! Mikono nilifuta kwenye gauni. Spiriti sikuitafuta. Nikapita sebuleni polepole, mashine ya kusukuma chakula begani, wanione. Wakaniona. Raha iliyoje.

Mume aliporudi akauliza nani kaunganisha. Nikamjibu, muulize dada yako. Nilijua hatathubutu.

Alhamisi, 13 Machi
Nusu saa baada ya mashine kuanza, meno yanagongana. Kitanda kinatikisika. Wifi kaleta blanketi, kasema ni mafua, tusubiri kesho. Kipimajoto: 38.6. Karatasi ya muuguzi ukutani inasema 38 ni hospitali papo hapo.

Mume kazima mashine, kafunga mrija, kachukua funguo. Dada yake akaanza tena habari ya mafua. Mume akampita kama anavyopita kiti. Sikumjua mtu huyo.

Ijumaa, 14 Machi
Wodini. Mwandiko kama wa kuku.

Daktari anasema vijidudu vimeingia kwenye damu kupitia mrija. Huenda ung'olewe. Mishipa ya kuwekea mwingine imebaki miwili, na mmoja una kovu. Ikiisha – hakumaliza. Akauliza ni nani mwingine aliyegusa mrija wiki hii.

Mume akamgeukia dada yake, aliyetufuata wodini. "Jumatatu ulikuwa wewe?"

Wifi akanitazama. Nikatazama ukuta.

"Ni mimi," akasema. "Nilitaka kusaidia."

Mjinga. Mjinga wa kutupwa, nani kamwomba? Mume kamwambia, bila kupaza sauti, akirudi nyumbani afunge masanduku yake. Mwanamke aliyembeba mgongoni. Kakaa kwenye benchi karibu na mlango, mkoba magotini.

Sasa daktari amerudi na fomu. Majibu ya damu bado, na dawa lazima ianze, kwa hiyo anataka kujua hasa ilikuwaje siku ile, ili akisie ni vijidudu gani. Mikono ilioshwa kwa kitu gani? Mdomo wa mrija uligusa nini? Kifuniko kilidondoka chini? Anamuuliza wifi. Wifi anasema alinawa vizuri, kwa sabuni, na spiriti alipaka nyingi. Anatunga, maskini, anataka kusifiwa hata katika uongo. Daktari anaandika yote.

Mume anasema pole pole, "Dada, sema kweli, ni maisha yake."

Wifi ananigeukia. Wananisubiri wote watatu, sijui kwa nini wananitazama mimi. Naandika tu, nisiinue macho.