Sisi Mia na Mjerumani wa Maganga

Jumamosi. Mvua imepita hapa mtaani kwetu Makanyagio alfajiri, ndogo, ya kulaza vumbi tu, na sasa mabati yanalia yakikauka juani. Miguu imevimba lakini moyo umetulia. Nimekunywa uji wote. Felista, binti yangu, amechungulia kikombe kama mwalimu wa zamu, akaondoka ameridhika.

Kwa anayesoma ukurasa huu mara ya kwanza: mimi ni mtu wa misitu. Nilisomea kazi hiyo chuoni, nikasimamia uvunaji wa magogo huku Katavi mpaka nikastaafu. Sasa moyo wangu umechoka, na daktari hakunificha. Aliniambia nirudi nyumbani, nile ninachopenda, nikae na watu wangu. Ndivyo ninavyofanya. Watu wangu ni Felista, rafiki yangu Maganga, na mashine moja ya njano iliyo chini ya kitanda.

Leo nataka kuungama kuhusu mashine.

Wengine wakikaribia mwisho hukumbuka wanawake. Mimi nakumbuka misumeno ya injini, ile mikubwa ya zamani, ambayo hapa kwetu kila mtu anaiita chenso. Marehemu mke wangu alilijua hilo mapema na hakuona wivu. Alisema afadhali mwanamume anayenuka petroli kuliko anayenuka marashi ya mtu.

Nimeshika nyingi, ila tatu ndizo zilizobaki kwenye mikono yangu.

Wa kwanza alikuwa Mswidi, yaani aliyetengenezwa Uswidi, mali ya kiwanda cha mbao nilikoanzia kazi. Huyo alikuwa na adabu. Injini kubwa, lakini vishikio vyake vilikaa juu ya mipira, kwa hiyo jioni ulishika kijiko bila vidole kufa ganzi. Alikata haraka na kwa sauti nyembamba. Sikuwahi kuwa na neno baya juu yake, na labda ndiyo sababu sikuwahi kumpenda sana. Alipouzwa nilimpungia mkono kama abiria mwenzangu.

Wa pili ndiye huyu wa chini ya kitanda, Mmarekani. Mzito, wa njano, na oili ya mnyororo wake unaisukuma mwenyewe kwa dole gumba huku unakata. Ukisahau, mnyororo unaanza kutoa moshi. Anakunywa petroli kama msafiri aliyetoka jangwani. Lakini sauti yake! Ilianzia kifuani mwako kabla ya kufika masikioni.

Jina lake alilipata karibu na Kasekese. Siku ya kwanza nilipomfikisha kijijini, wazee waliniuliza ana nguvu kiasi gani. Nikajibu kisomi, nikitaja ujazo wa injini kwa zile herufi mbili ambazo mafundi huzisoma "sisi": huyu ni sisi mia na kitu. Wao wakasikia nilichosema, si nilichomaanisha. Habari ikaenea kwamba mashine yenyewe inajitambulisha: sisi tuko mia. Watu mia ndani ya chuma kimoja. Nilijaribu kusahihisha, nikachoka. Mpaka leo anaitwa Sisi Mia.

Wa tatu si wangu. Ni Mjerumani wa rangi ya chungwa, mashine ya Maganga.

Maganga anakaa mtaa wa Shanwe. Ni Mnyamwezi na ni mtani wangu. Utani kati ya kabila lake na langu tuliukuta, na tutauacha. Alikuwa na kibali chake cha kuvuna na mashine yake, tukakutana porini tukiwa vijana, na tangu siku hiyo tunabishana jambo moja: ipi bora, yangu au yake?

Yeye anasema Sisi Mia ana kelele za mtu asiyelipa kodi ya nyumba. Mimi nasema Mjerumani anakata mti mgumu wa mkurungu kama mtu anayekata kucha. Yeye anakumbusha kwamba Mmarekani akipata joto hawaki tena mpaka apoe, na ni kweli: ikifika saa sita mchana, ukimzima, umekwisha. Kila nilipokaa kivulini nikimsubiri, Maganga alipita na Mjerumani wake begani akiuliza kama likizo inaendeleaje.

Hivi ndivyo tulivyozeeka.

Ameshatangaza pia mipango yake ya msiba wangu. Kwenye msiba mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha. Maganga atavaa kofia yangu, ataigiza ninavyotembea, atazuia jeneza mpaka apewe kitu. Na kitu chenyewe amekwisha kukichagua. Atamchukua Sisi Mia, atamweka pale kaburini mbele ya watu wote, na kueleza kwamba ndugu yenu huyu alisoma mpaka chuo lakini alipenda mashine inayokwenda likizo. Na safari hii, anasema, sitakuwa na mdomo wa kumjibu.

Hilo la mdomo limenikaa kichwani.

Juma hili nilijaribu kumwasha Sisi Mia peke yangu, nimsikie mara moja zaidi. Kamba haikutoka hata nusu. Felista alinikuta nimekaa chini nahema, akanisema kama mtoto, kisha akampigia Maganga.

Leo Maganga amekuja na bodaboda. Nilisikia harufu kabla sijamwona: alikuwa amebeba chupa ya soda yenye petroli iliyochanganywa na oili.

"Hodi. Maiti ameamka?" aliuliza mlangoni.

Nikamjibu kwamba maiti anamsubiri mchimba kaburi, ila mchimbaji mwenyewe anatembelea fimbo. Felista akafunika uso kwa kanga. Nadhani alikuwa anacheka.

Tukakaa uani. Chai ikaja. Nikamtazama Maganga, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola, na nikaona leo ndiyo siku ya kumwambia ukweli. Nikaanza taratibu. Nikamwambia kuna jambo limenikaa miaka mingi kuhusu Mjerumani wake.

Lazima sauti yangu ilibadilika, kwa sababu aliweka kikombe chini.

"Nyamaza, mtani," alisema. "Ukinisifia leo, mimi nitarudije nyumbani?"

Akaninyooshea fimbo yake.

"Nitukane kama siku zote."

Nikamwambia Mjerumani wake anakohoa kuliko yeye mwenyewe.

"Haya," alisema, akachukua kikombe chake. "Sasa umepata nafuu."

Kisha tukafanya kilichomleta. Felista alimvuta Sisi Mia kutoka chini ya kitanda. Mnyororo nilikwisha kuutoa zamani, kwa hiyo hakukuwa na cha kumkata mtu. Felista akakanyaga kishikio cha nyuma kwa mguu, mimi nikakaa kwenye kigoda, Maganga akasimama juu yangu, na wote wawili tukashika kamba. Tukavuta. Kimya. Tukavuta tena. Maganga akatangaza kwamba likizo imeongezwa.

Ndipo nikakumbuka. Kuna kitufe kidogo ubavuni cha kupunguza mgandamizo wa injini, bila hicho hata kijana mwenye misuli anahangaika. Nimewafundisha watu wengi kukibonyeza. Mimi nilikisahau, na Maganga alikuwa anakiangalia muda wote akisubiri nikumbuke mwenyewe. Nikakibonyeza. Tukavuta.

Akawaka.

Kuku wakapanda ukuta. Moshi wa buluu ukajaa uani. Jirani akaja mbio, kanga kiunoni, akidhani yametokea yale yanayosubiriwa, akakuta wazee wawili wameshikilia kamba na kucheka mpaka machozi. Sauti ilikuwa ileile, inaanzia kifuani, na kifua changu kibovu kiliipokea bila kulalamika. Hatukuwa mia. Tulikuwa sisi wawili tu, na tulitosha.

Maganga alipoondoka aligonga tangi la Sisi Mia kwa fimbo na kumwambia wataonana msibani.

Sasa ukweli wenyewe, ambao hakutaka kuusikia. Mwaka mmoja tuliangusha mkurungu mkubwa uliokaa vibaya mlimani. Ubapa wa Sisi Mia ukabanwa ndani ya gogo, injini ikapata joto, ikazimika. Maganga akaja na Mjerumani, akawasha kwa mvuto mmoja, akakata bila haraka, bila kelele, mpaka mashine yangu ikawa huru. Nilimwambia gogo lingeachia lenyewe. Siku ile ile nilijua. Mjerumani hakimbii, anavuta. Anawaka akiwa wa baridi na akiwa wa moto. Ndiye mashine bora niliyowahi kuona msituni. Mmarekani nampenda tu, na kupenda ni jambo lingine.

Maganga ana simu ya kitochi isiyo na intaneti, hasomi haya. Kwa hiyo Felista, wewe unayesoma: siku hiyo mwache avae kofia yangu na aseme yote. Mpe Sisi Mia, ni wake. Akimaliza, msomee maneno haya mbele ya watu:

Mtani, ulikuwa sahihi tangu mwanzo. Nimekubali. Haya, bishana.

Ninamjua. Atafungua mdomo na hatapata la kusema, na desturi haimruhusu mtani kulia. Neno la mwisho litakuwa langu.

Lakini hiyo ni siku hiyo. Mvua inarudi, naisikia juu ya bati. Maganga amesema atapita kesho akitoka kanisani. Nimeshaandaa tusi jipya kuhusu kabureta ya Mjerumani, na nadhani ni zuri kuliko yote niliyowahi kumtukana.