Mstari Mweupe Kwenye Picha ya Rada

Kwa kaka yangu mpendwa Radoslav,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, mama mzima ila goti lake, na hoho tumeshachoma na kuzitia kwenye chupa. Wewe na wifi je? Mgongo umepoa? Najua tangu mvua ya mawe imalize mizabibu yako ukaenda vibarua mjini Plovdiv, kukutajia shamba ni kukutonesha kidonda. Lakini leo sina budi.

Unakumbuka Mei, nilipopanga ruta tatu, vile vidude vya kurusha intaneti hewani, kwenye jumba la kusomea la kijiji? Nilifuta programu zake za kiwandani, nikazitia ile huria, ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuigeuza, nipime ipi itafikisha intaneti kwenye nyumba za kilimani. Mzee Gencho akanicheka mbele ya watu: "Wee Plamena, vidude vyako havifiki hata kwa mbuzi wangu!" Kweli havikufika. Niliona haya, kaka, nikapandwa na hasira. Kesho yake ruta ya tatu ikafika kilimani, kasi ajabu. Tukaifunga juu ya paa, watu wakanipigia makofi.

Halafu ikaja Agosti, na ile mvua ya mawe. Tihomir wa kituo cha roketi za kuvunja mvua ya mawe, zile zinazorushwa rada ikionyesha wingu, hakurusha hata moja. Ulimwita mlevi mlangoni mwa kanisa, na kijiji kizima kikakuitikia. Jumatatu anaitwa na wakubwa zake, na kazi ndiyo basi tena.

Juzi alikuja kwangu na picha ya rada ya siku ile. Mstari mweupe umefunika anga yetu, wingu halionekani. Akaniuliza, dada, wewe unayejua mitambo, hiki ni nini? Nikamjibu kwamba rada yao imezeeka. Akanishukuru, akaniachia kikapu cha mayai.

Kaka, nilimdanganya. Programu ile huuliza uko nchi gani, maana kila nchi ina kiwango chake cha nguvu ya mawimbi, na kwetu ruta ikisikia rada lazima iipishe, isiizibe macho. Mimi niliiandikia nchi ya mbali, isiyobana. Ndivyo ilivyoshinda. Mstari ule unaanzia kwenye paa la jumba la kusomea. Aliyekumalizia zabibu ni mimi.

Ruta ile nimeizima leo asubuhi, na Gencho ameshaanza kufoka. Jumatatu nitakwenda na Tihomir niwaambie wakubwa zake. Wewe mpigie simu, umwombe radhi kwa lile neno. Mimi usinisamehe kwanza. Mayai yake bado yako mezani, nashindwa kuyala.

Nisalimie wifi na watoto. Mama anakubusu, hajui lolote.

Mdogo wako,
Plamena