Nilipiga hodi kwenye picha

Ijumaa, baada ya magharibi

Joto la Maskati limesharudi. Ukitoka kwenye kiyoyozi miwani inaingia ukungu, na leo sikujisumbua hata kuifuta. Sikuwa na kitu nilichotaka kukiona.

Asubuhi kaka yangu Nassor alinitumia picha ya sebule ya marehemu mama. Ameipaka rangi nyeupe, yote, ili nyumba ipate mpangaji upesi. Ana haki, nyumba haiwezi kukaa tupu. Lakini sebule ile ilikuwa ya kijani. Kijani kikali, na mapazia ya waridi, na chupa ya chai nyekundu mezani. Mume wangu Salim, mzaliwa wa Nizwa asiyejua Kiswahili, alikuwa akisema chumba kile ni duka la juisi. Kila nilipomtafsiria mama, alicheka.

Nimekitamani kile kijani mpaka nikajionea haya.

Salim aliniona nilivyo, akasema tutoke. Tukaenda kwenye maonyesho ya picha ambayo shoga yangu amekuwa akiyasifia. Nyingi nilizipita bila ya kusimama, mpaka nikakuta moja ya chumba cha kulia. Mchoraji ni wa Ulaya, wa miaka mia hivi nyuma. Jina lake siliandiki kwa sababu siwezi kulitamka. Ukuta kijani, kitambaa cha meza chekundu, bakuli limejaa machungwa. Pembeni kuna mwanamke wa nguo ya njano, fremu imemkata nusu, ameinama na ametupa mgongo. Nyuma yake mlango uko nusu wazi.

Maelezo ya ukutani yalisema chumba kilikuwa cha nyumba ya mchoraji mwenyewe na mwanamke ni mkewe, lakini hakukichora akiwa ndani yake. Alikuwa akikitazama, kisha anakwenda kukaa mbali na kuchora kwa kumbukumbu.

Na ukuta wenyewe, kwa kweli, ulikuwa mweupe.

Nilimpenda mtu yule papo hapo. Nikasogea karibu. Namna yule mwanamke alivyoinama, na mabega yale, alikuwa mama anatafuta vikombe vya kahawa kabatini. Mdomo wangu ukafanya uliyozoea kuyafanya kila Ijumaa baada ya sala, mlangoni kwake.

"Hodi."

Kwa sauti, mbele za watu. Wasichana wawili waligeuka wakanitazama. Hakuna aliyejibu, na nani angenijibu? Kiswahili nilikuwa nakizungumza na mama. Tangu afariki nakiandika humu, basi. Salim alikuwa nyuma yangu anasoma maelezo kwa Kiarabu, nikadhani hakusikia.

Njiani nilitazama nje ya dirisha la gari. Nilikuwa na hasira na Nassor, na ile rangi nyeupe, na nafsi yangu pia.

Tulipofika nyumbani, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, Salim alitangulia, akaingia, akaufunga mlango. Funguo anazo yeye. Nikabaki nje na mkoba wangu na joto lile, nikagonga kwa hasira. Akaniambia kutoka ndani, kwa Kiarabu, kwamba siyo hivyo. Niseme kama nilivyosema kule.

Nikauondoa mkono mlangoni.

"Hodi," nikasema.

"Karibu," akajibu. "Biteni, biteni, mbona mwasimama nje kama wageni."

P haijapata kumtoka vizuri maisha yake yote. Lakini yalikuwa maneno ya mama, mpaka namna alivyokuwa akilivuta lile "wageni". Miaka yote ile Salim alikuwa akisimama nami mlangoni pale na mkoba wa matunda, anatazama viatu vyake, kumbe anasikiliza. Nikalia kwa mara ya kwanza tangu hitima ya mama, na yeye hakuniambia ninyamaze.

Chumba chetu cha kulia ni cheupe. Alikichagulia rangi yeye mwenyewe tulipohamia, na mimi sikubisha.

Kesho nakwenda kununua rangi ya kijani, na wala simuulizi. Najua atasema nimefungua duka la juisi. Nina hamu ya kulisikia tena.