Skolastika wa Lundo

Mbamba Bay,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti limekubali kupanda ngazi za kanisani bila ugomvi. Baba mdogo anaendeleaje na kifua? Na yule ng'ombe mkorofi ameshazaa? Sisi huku hatujambo. Mkweo Kosmas anakuamkia sana. Mvua zimekolea, na usipa, dagaa wa huku ziwani, umejaa sokoni mpaka paka wanachagua.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Simu yako, Mama, ni ya ukoo mzima. Ukipokea tu unaweka sauti kubwa, baba mdogo anasikia, na jirani anachangia mawazo. Haya nataka uyasome peke yako, umevaa miwani. Anayekuletea ni mwalimu Mshana, jirani yetu hapa, anakuja likizo kwao Same. Baada ya siku kumi atapita tena kuchukua jibu. Tafadhali mpe jibu, usimpe makande tu.

Nina mimba, Mama. Leo ni wiki ya kumi na tano. Najua ulivyotulea: mimba haitangazwi, hujionyesha yenyewe. Nami nilinyamaza kama ulivyonifundisha, na kimya hicho nusura kiniponze. Ngoja nikueleze tangu mwanzo.

Unajua kazi yangu ni maabara. Tangu mwaka jana hapa kituoni tuna kipimo kipya cha wajawazito, bado cha majaribio. Mama anatolewa damu mimba ikiwa ya miezi mitatu hivi, na damu inapelekwa Dar es Salaam. Kule wanatafuta protini inayotoka kwenye kondo la nyuma. Ikiwa kidogo mno, huenda kondo halikushika vizuri, na mama huyo anaweza kupata presha baadaye, hata kifafa cha mimba, ingawa leo anajisikia mzima na analima. Si hukumu, ni onyo la mapema. Mwenye onyo hilo anaanzishiwa kidonge kidogo cha aspirini kila siku, ila sharti aanze kabla ya wiki ya kumi na sita.

Sasa hebu fikiria kumwambia mwanamke wa huku aje kliniki na mimba ya miezi mitatu. Wamatengo, Wanyasa, Wampoto, kwa jambo hili wote ni Wapare wenzetu. Akionekana tu kwenye benchi la kliniki, imeshatangazwa. Basi nikafanya ujanja: meza ya kutolea damu nikaiunganisha na ya malaria, ili anayekaa pale ajulikane ana homa tu. Wakaanza kuja. Na waliokuja wamechelewa, tumbo limeshatangulia mlangoni, niliwagombeza. Unaujua mdomo wangu.

Kumbe mganga hajigangi. Nilipogundua yangu, baada ya miaka minne ya ndoa na maswali ya kila Krismasi, niliogopa sana. Kosmas akasema tunyamaze kwanza, hata mama yake kule Ruanda, kijiji cha huku Mbinga, asijue mpaka iwe imeshika. Nikanyamaza. Lakini kipimo nilikitaka. Basi mchana mmoja wenzangu walipokwenda kula, nikafunga mlango, nikajifunga mpira mkononi nikiukaza kwa meno, nikajitoa damu mwenyewe. Kwenye kichupa nikaandika jina la kubuni na kijiji cha jirani: Skolastika, Lundo. Namba ya simu sikuandika. Orodha ya majibu hupitia kwangu, kwa hiyo niliamini nitaliona la kwangu kabla ya mtu mwingine.

Wiki ambayo majibu yalirudi nilikuwa nimepanda Mbinga kufuata vitendanishi vya maabara. Mvua ikaharibu barabara, nikakwama huko siku nne. Orodha ikaangukia mikononi mwa Nesi Mapunda, mkunga wetu. Juu kabisa ameandikwa Skolastika wa Lundo: protini iko chini sana, atafutwe haraka.

Nesi Mapunda si mtu wa kuambiwa mara mbili. Akakodi bodaboda kwenda Lundo kumtafuta. Siku ya kwanza alipata Skolastika wawili: mmoja bibi kizee, ambaye alipoulizwa kuhusu mimba alicheka mpaka akakaa chini, na mwingine mtoto wa darasa la tatu, aliyelia akidhani anasingiziwa. Siku ya pili pikipiki iliteleza kwenye matope, wakaanguka. Niliporudi nilimkuta kituoni goti limefungwa bandeji, viatu vimeanikwa juani, naye anajiandaa kwenda mara ya tatu. Nikamuuliza kwa nini asingoje goti lipone.

"Wiki zake zinakwisha," akasema. "Huyo mama akipatwa na kifafa mimba ikiwa ya miezi minane, nitamwambia nani kwamba goti lilikuwa linauma?"

Mama, nilitamani ardhi ipasuke. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona tangu nizaliwe. Nikamwambia asiende Lundo, Skolastika ni mimi.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alivuta kiti, akanipima presha, kisha akanipa kidonge cha kwanza nimeze mbele yake kama mtoto. Ilikuwa wiki ya kumi na nne. Tangu siku ile sijaruka hata kimoja.

Jumatatu iliyofuata nikasimama mbele ya benchi lote nikawaambia ukweli, kwamba mimi pia ni mjamzito, na kwamba kipimo kimenitaka nijihadhari. Mama mmoja muuza usipa akasema, "Kumbe nawe ulikuwa unajificha, halafu unatugombeza sisi." Wakacheka wote, nami nikacheka. Kabla ya saa sita, wanawake wawili waliokuja kupima malaria walirudi kuninong'oneza kwamba hawana malaria.

Lakini hilo silo lililonifanya nishike kalamu. Siku ile ya kidonge, Nesi Mapunda alinifungulia kadi, safari hii kwa jina langu, akaanza kuuliza maswali. Tukafika hapa: mama mzazi aliwahi kupata presha au kifafa cha mimba? Nikajibu haraka, hapana. Kalamu yake ikasimama.

"Umemuuliza?"

Sikuwahi.

"Basi hujui," akasema, na pale akapaacha wazi.

Tangu hapo nauwaza ulimi wako. Pembeni, upande wa kushoto, una pengo dogo. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunakuchekesha makusudi ili tulione. Ulituambia ulijing'ata ukitafuna muwa. Mimi nimefanya kazi hospitali miaka tisa, na nimewaona wanawake walioamka kutoka kwenye kifafa cha mimba ulimi umejeruhiwa kwa meno yao wenyewe. Nimewaona kwa macho yangu, na hata siku moja sikukufikiria wewe. Halafu kuna lile jiwe nyuma ya nyumba, kwenye migomba, ambalo hutaki mtu alikalie. Na ile siku jikoni shangazi aliponiita wa pili, ukamtazama, naye akaanza ghafla kuulizia chumvi.

Sikulaumu, Mama. Labda uliumia mno, na labda hakuna aliyekuuliza kwa upole. Mimi nakuuliza kwa upole: kabla yangu, ulizaa? Ulipatwa na kifafa? Niandikie ndiyo au hapana, mengine utasema ukipenda.

Jibu lako lina kazi. Ukisema ndiyo, daktari anataka mimba ikifika miezi saba nipande nikakae Ruanda kwa mama mkwe, niwe karibu na hospitali kubwa. Nisingoje uchungu huku ziwani, ambako barabara ikikatika hakuna wa kunipandisha. Kosmas ameshamwambia mama yake, na chumba kinapigwa chokaa. Ukisema hapana, nitabaki hapa, Nesi Mapunda anichunge. Vyovyote iwavyo nimeshaamua. Nitameza vidonge vyangu, nitapima presha kila wiki, na mtoto huyu nitamshika mikononi mwangu nikiwa na akili zangu timamu.

Nisalimie baba mdogo, mwambie kofia yake nitamtumia. Nisalimie shangazi, na usimgombeze, hakukuchongea kwa lolote, nilikuwa na masikio tu. Mdogo wangu Mbonea kule Mwanga msomee yanayohusu presha, kwa kuwa naye ametoka tumbo hilohilo na hajaanza kuzaa. Mchungaji umwombe atukumbuke, ila sababu usimwambie mpaka uwe tayari.

Na kama chini ya lile jiwe kuna mtu, Mama, niandikie jina lake. Nimemwomba Mungu kwa ajili ya ndugu zangu miaka yote hii bila kumtaja.

Ni mimi mwanao, kifungua mimba wako kama nilivyoambiwa siku zote, au wa pili kama utakavyoniambia sasa,

Nakunda