Mama na Pweza wa Kijapani

Jumamosi, Aprili 2019

Hatimaye mama amekula! Wiki tatu tangu aje kutoka Unguja, amekuwa akionja tu na kusukuma sahani. Nilishaanza kuogopa kwamba ataniugulia huku ugenini.

Leo nimempeleka kwenye tamasha la vyakula vya Kijapani, katika bustani ya michezo hapa Arlington. Bibi mmoja wa Kijapani alikuwa akigeuza vitumbua vya mviringo kwa kijiti, upesi ajabu. Mama akasimama kumtazama.

"Ndani mna nguruwe?"

"Hapana mama, mna pweza."

"Pweza? Huku?"

Akala sita, akashushia chai ya kijani isiyo na sukari. Akamshika mpishi mkono. "Dada, umejaaliwa." Nilipotafsiri, yule bibi aliinama, na mama naye akainama.

Garini ameniuliza pweza anauzwa wapi. Kesho anataka kupika mwenyewe.