Ufa Katika Kichwa cha Injini ya Wusi

Chala, Taveta
Mwezi wa Agosti

Kwa mdogo wangu Wakesho, mtoto wa mama yangu,

Pokea salamu zangu kutoka huku bondeni. Natumaini barua hii itakukuta umeketi karibu na moto, maana baridi ya Wusi mwezi huu naijua. Goti lako linasemaje? Na mjukuu wako aliyekuwa akikohoa, amepona? Huku mahindi yamekwisha kuvunwa, na migomba ya binti yangu Mghoi imezaa kuliko mwaka jana. Mimi miguu imevimba hadi magotini, na nalala nimeegemea mto kwa kuwa nikilala chali pumzi inakatika. Juzi dresa wa zahanati alinipima, kisha akamwita Mghoi nje. Nimekuwa mwalimu miaka mingi, Wakesho. Najua mzazi huitwa nje kwa sababu gani.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema injini ya mashine yetu ya kusaga imekufa, inatoa moshi mweupe na mafuta yake yamekuwa kama uji. Fundi mliyemwita kutoka Voi ameitazama, akasema imechoka yote, iuzwe kama chuma chakavu mtafute nyingine. Kamati itakaa Jumamosi ijayo kuamua, na wazee wanataka neno langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa katibu tangu vijana waliporudi kutoka vita vya Burma na tukaichangia pamoja.

Lakini mwishoni umeandika jambo lililoniumiza kuliko hii miguu. Umesema: “Kaka, pengine ni mimi niliyeiua, siku ile nilipoteka maji ya moto ya kumwogeshea mtoto. Na Mwakio akafukuzwa kwa ajili yangu.”

Miaka saba umeubeba mzigo huo? Utue. Ni wangu.

Unakumbuka ilikuwa Julai, ukungu umeshuka hata mlango wa banda hauonekani vizuri. Mwakio, mwendeshaji wetu, alikuwa ameteremka stesheni ya Mwatate kupokea mafuta ya taa. Kabla hajaondoka aliniambia, “Mwalimu, nakuachia, lakini usiichezee. Maji yakipungua kwenye tangi, zima kwanza. Iache ipoe, ndipo uongeze.”

Nikamwambia, “Mwakio, mimi nimefundisha watu wangapi hesabu, nitashindwa na sufuria ya maji?”

Akacheka. “Hesabu haichemki, Mwalimu.”

Kina mama mlikuwa wengi siku hiyo kwa sababu ya arusi ya kwa kina Mkamburi. Unajua desturi yenu: lile tangi lilikuwa wazi juu ya silinda, maji yake yanachemka bure, na katika baridi ile kila mwenye mtoto aliteka kibuyu kimoja cha maji ya moto. Mwakio hakuwakataza. Aliwahesabia vibuyu, na baada ya vichache alizima injini, akangoja, akaongeza maji. Kwa hiyo kuteka maji hakukuwa kosa. Kulikuwa na mpango, na mwenye mpango hakuwapo. Aliyekuwapo ni mimi, na sikuhesabu hata kibuyu kimoja.

Nilisikia harufu ya chuma kilichopata moto sana. Nikachungulia, maji yamebaki kidogo chini. Nilijua la kufanya, nilikuwa nimeambiwa asubuhi ile ile. Lakini kuizima ni rahisi. Kuiwasha tena kunahitaji kuzungusha ile hendeli, na mimi sikuwa nimewahi kuiwasha hata siku moja. Nilijaribu mara moja nikiwa peke yangu, ikanirudishia mkono nusura univunjike. Nikawatazama ninyi mliopanga vikapu, nikasikia mama mmoja akisema, “Leo tunasagiwa na msomi.” Mkacheka wote. Nikaona aibu kuizima halafu nishindwe kuiwasha mbele yenu.

Basi nikachukua debe la maji ya mfereji, yale yanayotoka msituni, baridi kama unavyoyajua, nikayamwaga yote kwa mara moja. Nikasikia “ta!”, kama kibuyu kinachopasuka. Injini haikusimama. Ikaendelea kusaga, na mahindi yako yakawa unga. Nikajiambia si kitu.

Asubuhi Mwakio alipoiwasha ikatoa moshi mweupe na kupiga chafya. Kamati ikaketi siku ile ile. Mzee mwenyekiti akaniuliza, nami nikajibu, “Nililikuta tangi limekauka. Mwakio aliiacha hivyo alipokwenda stesheni.” Nilisema hivyo mbele ya wanaume tisa, na Mwakio amesimama mlangoni.

Hakunitukana. Alisema, “Wazee, ifungueni kichwa mtazame. Injini iliyokaushwa maji hukwaruza pistoni na silinda. Mkikuta mkwaruzo nifukuzeni. Mkikuta ufa kichwani, basi imepasuliwa na maji baridi, na mimi sikuwapo.”

Yalikuwa maneno ya kweli, tena rahisi kuyapima. Nami nikasema, “Mshitakiwa hawezi kuwa fundi wa kesi yake.” Wazee wakaitikia kwa vichwa, kwa jinsi nilivyolisema neno hilo vizuri. Wangewaita kina mama waliokuwa kwenye foleni, mambo yangeisha pale, lakini kamati yetu haikuwaita kina mama kwa lolote. Mwakio akafukuzwa, akateremka Voi kwenye shamba la mkonge.

Baadaye nililetewa fundi mpitaji. Nilimfungia mlango, tukabaki wawili. Alifungua kichwa, akanionyesha ufa, kidogo tu kama unywele, upande wa bomba la moshi. Silinda ilikuwa inang'aa, haina mkwaruzo hata mmoja. Akasema kichwa kibadilishwe. Nikamwomba azibe tu. Akaziba kwa dawa ya chuma, akapaka rangi nyekundu juu, akaniambia, “Hii itashika miaka kadhaa, halafu itaachia.” Katika daftari la kamati niliandika uongo: washa, vile vipete vya bolti, zimebadilishwa. Mwandiko ni wangu, mtaukuta.

Kwa hiyo jibu langu kwa wazee ni hili. Msiiuze. Kwaruzeni ile rangi nyekundu upande wa bomba la moshi, mtaona ufa. Maji yanapita hapo na kuingia ndani, ndiyo sababu ya moshi na ya mafuta kuwa uji. Kisha fungueni kichwa, mpitishe ukucha kwenye ukuta wa silinda kuzunguka. Ukucha ukiteleza, silinda ni nzima, tafuteni kichwa kipya tu. Ukucha ukikwama kwa kutu, kwa sababu maji yamekaa humo muda mrefu, basi fundi wenu wa Voi amesema kweli, nunueni nyingine. Sitaki mtengeneze kitu kilichokwisha ili kuniridhisha mimi.

Na huo ukucha uwe wa Mwakio. Yuko Mraru siku hizi, anatengeneza injini za mashamba, na watu humfuata kutoka mbali.

Nilionana naye. Mwaka juzi nilipokwenda hospitali, kwenye stesheni ya Voi mtu alinipokea mzigo wangu, kutazama ni yeye.

“Shikamoo, Mwalimu. Ile injini yetu inaendeleaje?”

“Inasaga.”

“Asubuhi ikiwa baridi inatoa moshi mweupe?”

“Kidogo.”

“Basi dawa inaanza kuachia.” Akaniwekea mzigo ndani ya behewa. “Mkinihitaji, mimi si mbali.”

Alisema “injini yetu”, Wakesho. Alijua yote, hata dawa ambayo sikuwa nimemtajia, na alinipa nafasi ya kusema. Nikamshukuru kwa kunibebea mzigo. Treni ikaondoka.

Wazee wetu walisema hasira ya mtu aliyedhulumiwa humfuata aliyemdhulumu, mpaka mwenye hasira ateme maji na kuitamka imtoke. Mimi nilisimama darasani nikawafundisha watoto kwamba huko kutema maji, yaani kutasa, ni mambo ya giza. Sisemi miguu yangu imevimba kwa hasira ya Mwakio. Dresa anasema ni moyo. Lakini ukiniuliza kama ningependa Mwakio anitasie, jibu ni ndiyo. Mwambie naomba. Asipotaka, asilazimishwe na mtu yeyote, wala jambo hilo lisichanganywe na kazi ya injini. Hiyo kazi mpeni kwa sababu anaijua.

Barua hii isomwe Jumamosi mbele ya kamati, yote, isirukwe hata sehemu ya aibu ya hendeli. Isome wewe mwenyewe, wala usimpe mwanamume akusomee. Na kina mama waliokuwa kwenye foleni waitwe waketi ndani, maana wao waliniona na debe mkononi. Mghoi alitaka kuniandikia kwa sababu mkono unatetemeka. Nimekataa, ili wazee waulinganishe mwandiko na ule wa daftari.

Nisalimie shemeji yetu mkubwa, umwambie mbegu zake za maharagwe zimeota. Nisalimie Mkamburi, yule bibi arusi ambaye sasa ni mama wa watoto wanne. Nisalimie mchungaji, mwambie nitashukuru akiniombea, lakini kwanza aisikie barua.

Na mkiiwasha tena, akina mama wachote maji yao ya moto kama zamani. Yakipungua, zimeni kwanza. Iacheni ipoe, ndipo muongeze. Maneno hayo ni ya Mwakio. Yaandikeni ukutani, na chini yake muandike jina lake.

Ni mimi kaka yako, niliyemwaga maji,

Yona Mwambingu